Sauti Iliyohifadhiwa Stoo

Foleni ya kurudisha vitu vibovu ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kununua, na hilo peke yake lilitosha kumwambia mtu mengi kuhusu duka lile. Kitinda alisimama katikati yake, kakikumbatia kiboksi cha mtandao kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga mgonjwa. Alivaa gauni la bluu lililopauka mabegani, na shingoni vilining'inia vipokea sauti vikubwa vyeusi. Alitoka nyumbani mbio akavisahau hapo hapo. Watu walisukumana. Mtoto wa mtu alilia. Muuzaji alikuwa akimwambia kila anayefika kaunta kwamba bila risiti hakuna maongezi.

"Hicho si kibovu," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi kwa adabu zote, ila mfukoni lilikuwa na doa la wino na koleo ndogo iliyochungulia.

"Umejuaje, na hata hujakigusa?"

"Taa zake zinawaka?"

"Zinawaka. Lakini folda zangu zinapotea. Asubuhi zipo, mchana hazipo, jioni zinarudi zenyewe kama mume mlevi."

Waliosimama mbele walicheka. Mwanamume yule hakucheka nao. Alimtazama kwanza, ndipo tabasamu likamjia taratibu, kama mtu anayefungua dirisha lililokwama.

Kabla foleni haijasogea, mwanamume yule alishajua habari zote za Kitinda. Kwamba kazi yake ni kuhariri sauti za masomo ya redioni, kuwaondolea walimu vikohozi na milango inayogongwa. Kwamba anafanyia kazi nyumbani kwa mama yake, na kompyuta yake ya mezani, pale sebuleni, imejaa hadi pomoni, ndiyo maana kila kitu anakiweka kwenye kompyuta kuukuu iliyoko stoo, ambayo nyumbani wameizoea kwa jina la seva. Na kwamba yeye ni kitindamimba, akabaki na jina hilo mpaka ukubwani. Naye akajitambulisha kwa kazi yake: fundi wa mitandao ya maofisi. Kufika kaunta, Kitinda hakuwa tena na kitu cha kurudisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Fundi aliuona siku ya kwanza tu alipopiga magoti pale stoo, kati ya gunia la mkaa na ndoo za rangi. Nyumbani, alieleza, kila kifaa kina namba yake, kama nyumba mtaani, na namba hizo hugawiwa na ruta, kile kiboksi cha intaneti alichotaka kukirudisha dukani. Kila umeme ulipokatika, seva iliamka na namba nyingine, na kompyuta ya sebuleni ikaenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaipa seva namba moja ya kudumu, akajifuta vumbi, akamfundisha Kitinda amri ya kubisha hodi: unaandika namba, unabonyeza, na kama mwenyewe yupo, anaitika.

"Sasa imepona?" Kitinda aliuliza.

"Imepona. Taabu ni kwamba ikipona kabisa, utaniita kwa lipi?"

"Utatafuta sababu. Wewe si fundi?"

Hakuhitaji kutafuta sana. Simu zilianza: za asubuhi za kuuliza kama seva imeamka salama, za mchana zisizo na habari yoyote ya seva. Fundi alimwita *masikio yangu*. Kitinda alimwambia apunguze kuhema kwenye simu, kwamba kwenye masikio ya kazi yake mtu akihema ni kama trekta, na kesho yake jamaa akapiga simu akanyamaza kabisa mpaka Kitinda akacheka mwenyewe. Mama naye akampenda, akambandika jina la Bwana Waya. Mama alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka na miaka, na sauti yake ilikuwa imekomaa kwa kushindana na mashine. Akikuita kutoka jikoni, jirani wa pili ndiye anayeitika. Jumapili moja alimwita Fundi mezani, akamtajia neno la siri la intaneti ya nyumba, herufi kwa herufi, wakati Fundi akiliandika kwenye simu yake. Alisema mgeni wa kila wiki si wa kununua bando lake mwenyewe. Nyumbani pale neno lile hawakupewa watu ovyo. Kitinda aliinamia sahani yake ili asionekane uso.

Kuanzia Jumapili ile, folda zikaanza kupotea tena.

Hazikupotea kila siku. Zilipotea Fundi akiwepo. Angekuja jioni, angekaa, na kompyuta ya sebuleni ingeleta ujumbe wake mwekundu kwamba folda haipatikani. Angebadilisha kebo, angezima na kuwasha, angekuna kichwa. Akishaondoka, baada ya muda folda zinarudi. Kitinda hakuliona hilo, au aliliona akaliita bahati mbaya. Dada yake mkubwa ndiye aliyelitia maneno. Dada alikuwa mwanamke wa kutembea na mkoba mkubwa na maoni makubwa, na alisema anamjua mtu anayejitengenezea kazi akimwona.

Wangeendelea kutaniana hivyo, kama si koo la mama.

Ulianza ukwaruzo, wakaulaumu mkaa. Kisha ukaja uvimbe. Daktari aliwaeleza akiwa amesimama, jambo ambalo Kitinda alilijua maana yake kabla hajafungua mdomo: wakate kisanduku cha sauti, mama aishi bila sauti, au wakiache, asiishi. Mama aliuliza kama atabaki na ulimi. Alipoambiwa atabaki nao, akasema basi wa kazi gani.

Ndipo Kitinda akaanza kumrekodi. Aliitandika meza ya sebuleni blanketi ili isipige mwangwi, akaweka maikrofoni ya kazini, na kila alasiri mama alikaa akasema. Alisimulia wodi, alisimulia mashuka, aliwagombeza watoto ambao Kitinda hajawazaa bado. Kwa kuwa diski ya mezani ilikuwa imejaa, Kitinda alirekodi moja kwa moja kwenye seva, sauti ikitoka kinywani ikienda stoo bila kupumzika njiani. Aliona ni ujanja mzuri, unapunguza hatua.

Alasiri ya mwisho kabla ya kwenda kulazwa, mama alimtuma dada sokoni. Ya dada alishayasema siku ya harusi yake, alisema. Leo ni ya Kitinda, ya siku atakayoolewa, maana hajui siku hiyo atakuwa na nini shingoni.

Akaanza. Hajamaliza hata sentensi ya kwanza, Fundi akafika. Kitinda alimwinulia kiganja asitoe sauti, naye akavua viatu, akaketi kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini. Kitinda akarudi kwenye masikio yake. Alifanya kazi yake siku ile kwa umakini ambao hakuwahi kuwa nao. Alisikia pumzi ya mama ikikwaruza mwanzoni mwa kila sentensi, akasogeza maikrofoni. Alisikia friji ikianza kunguruma, akanyoosha mguu akaichomoa. Alipandisha, akashusha. Kwenye kioo mawimbi ya kijani yalipanda na kushuka, yakitembea vizuri kabisa, na akayafuata kama mtu anayefuata mshono.

Mama alipomaliza, alicheka, akasema sasa nipe maji. Kitinda akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Folda haipatikani.

Ilipopatikana, jina la rekodi lilikuwepo, na ndani yake hakuna kitu. Mawimbi yalikuwa yamechorwa kwenye kioo tu. Kilichosemwa hakikufika stoo. Alimwomba mama arudie. Mama alifungua kinywa, akatoa neno moja na nusu, kisha kikohozi kilichoacha damu kwenye kitambaa. Hakurudia tena. Asubuhi walimpeleka hospitali.

Dada alisema jambo lake pale pale koridoni, wauguzi wakipita. "Akija inakufa, akiondoka inafufuka. Wewe unayesikia mbu akipumua, hili hulisikii?"

Jioni ile Kitinda alimkuta Fundi kapiga magoti stoo, tochi mdomoni.

"Uligusa nini humu?"

Fundi alitoa tochi. "Sijagusa kitu."

"Uliniambia ikipona sitakuita. Uliniambia kwa mdomo wako."

"Kitinda, ule ulikuwa utani."

"Ilikuwa inakufa ukija. Kila ukija. Niambie ni kwa nini, nikuelewe. Niambie chochote."

Fundi aliitazama seva, akamtazama yeye. Kisha akanyamaza. Alikusanya koleo na kebo zake, akafunga begi, akatoka. Kitinda alisikia kila hatua yake mpaka getini, na katika ukimya ule akasikia mtu aliyekiri.

Operesheni ilifanikiwa, hivyo ndivyo walivyoambiwa. Mama alirudi wodini na tundu shingoni na macho makubwa kuliko zamani. Kitinda alimpa kalamu, akamwomba aandike yale aliyoyasema. Mama alitikisa mkono, kwamba si ya kuandikwa, au kwamba amechoka. Siku moja aliinua vidole viwili akavisokota, kama mtu anayesokota waya, na kupandisha nyusi. Alikuwa akimuulizia Bwana Waya. Kitinda alielewa, akajifanya hajaelewa, akamnyooshea shuka. Hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna zaidi, kwa sababu maambukizi yaliingia kifuani, na mama hakuuliza kitu kingine tena.

Fundi alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa, na shati lake jeupe. Kitinda aligeuza uso. Miezi ile yote bila yeye, seva haikuwa imekatika hata mara moja, na huo kwake ulikuwa ushahidi uliotosha.

Siku ya pili ya msiba, nyumba ikiwa imejaa, shangazi alisema anataka kumsikia wifi yake. Sauti za zamani si zipo? Mjukuu mmoja akasogeza viti. Kitinda alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza, na ujumbe mwekundu ukatokea.

Alibaki kaukodolea macho. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Fundi yuko mahali fulani humu ndani. Aliinuka kabisa akatazama vyumba, watu wakimpisha wakidhani ni uchungu. Hakuwepo. Akaenda stoo. Seva ilikuwa macho, taa zake zikikonyeza. Kwa hasira tu akaing'oa kebo yake, akarudi sebuleni, akaandika ile namba, akabisha hodi.

Namba ikaitika.

Alisoma mara ya pili. Akabisha tena, ikaitika tena, upesi, kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango. Seva ilikuwa haina kebo, haina pa kuitikia, na namba yake inaitika.

"Nani anaitika?" shangazi aliuliza, akiwa amesoma uso wake, na mtu mmoja nyuma akaanza kusoma dua.

Kitinda aliwaomba wazime simu. Walinung'unika, wakazima, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipozimwa alibisha hodi. Namba iliendelea kuitika. Ikabaki ya shangazi, ambaye aliikumbatia na kusema yake haina kosa lolote, ametumiwa na mwanawe, imeingia intaneti leo hii kwa mkono wa dada mwenyewe. Dada ndiye aliyeichukua kwenye mkono wake na kuizima.

Kitinda akabisha hodi. Kimya.

Akairudisha kebo. Folda zikafunguka zote, na sauti ya mama ikajaa sebule, ikimgombeza dada kwa ajili ya sufuria iliyoungua zamani. Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Dada alikaa sakafuni na mkoba wake. Kitinda hakubaki kusikiliza. Alichukua simu, akatoka uani, akasimama kati ya masufuria ya wageni.

"Ni mimi," alisema.

"Najua. Namba yako sijaifuta."

"Leo folda zimepotea. Na wewe hupo."

Alimweleza yote, ile kebo, ile simu ya shangazi. Alisikia pumzi ikiingia kwa Fundi na kukaa huko bila kutoka.

"Nakuja," Fundi alisema.

Dada ndiye aliyemfungulia. Hakumwomba msamaha, alisogea pembeni tu kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa, akawapeleka wageni wote uani. Fundi alifungua kurasa za ruta, akazipitia, akarudi nyuma, akazipitia tena. Kitinda alimkuta stoo, kaketi sakafuni, mgongo kwenye gunia.

"Namba niliyoipa seva," alisema, "niliichukua kwenye kapu lile lile ambamo ruta huwagawia wageni namba. Nilipaswa kuiambia ruta isiiguse. Kitu cha kwanza tunachofundishwa. Mama aliponipa intaneti, simu yangu ikapewa namba hiyo hiyo. Nikiingia mlangoni, kompyuta yako ikiitafuta seva inaniita mimi. Nilipoacha kuja, namba ikarudi kapuni. Leo akapewa shangazi."

"Kwa hiyo nilikufukuza kwa kosa ambalo hukulifanya."

"Nililifanya, Kitinda. Ila si lile ulilonifukuzia."

Alikuwa amempigia simu ili amsafishe, na sasa Fundi alikuwa mbele yake, amesafika na tope mkononi. Kitinda aliketi kwenye ndoo ya rangi. Machozi yalimjia bila sauti. Fundi hakumgusa. Baadaye alimuuliza amekula lini, na Kitinda hakukumbuka.

"Kula kwanza, ndipo unichukie vizuri. Mama si alisema, ukigombana na njaa tumboni hugombani, unabweka tu."

Kitinda aliinua kichwa. "Alisema lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ile ya kurekodi. Si ulikuwepo? Ulikaa mbele yake."

Alikuwepo. Alijaribu kuisikia tena alasiri ile, na kilichomjia kilikuwa pumzi, friji, kiti kilicholia. Alikuwa ameisikiliza sauti yote. Maneno aliiachia mashine. Tangu siku ile hajaweza kukumbuka zaidi ya vipande, na hakumwambia mtu yeyote, kwa aibu.

"Wewe uliyasikia," alisema taratibu.

"Sikuwa na kazi nyingine. Nilikaa pale mlangoni, nikasikiliza."

"Na hukuniambia."

"Nilijua unayo kichwani. Nilidhani ulichopoteza ni sauti yake."

Kitinda alifunga mlango wa stoo, kelele za uani zikapungua. "Niambie."

Fundi alianza vibaya, akajirekebisha. Mama alisema mume akichelewa asimkalie mlangoni, akalie chakula chake, ale. Ndipo likaja lile la njaa. Alisema kila nyumba lazima iwe na jambo moja la kuchekwa, wasipolipata walitafute. Alisema dada yake anampenda kufa, lakini moyo wake hauna mlango, asimpelekee kila kitu. Hapo Kitinda alicheka kicheko kilichomuumiza kifua.

"Halafu?"

Fundi alitazama mikono yake. "Halafu akasema baba yenu hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alinyamaza. Miaka mizima. Akasema, Kitinda, olewa na yeyote, hata mwenye kelele, lakini usiolewe na mtu anayenyamaza." Akaongeza, "Hilo nilitaka kuliruka."

"Na wewe ulinyamaza. Hapa hapa."

"Nilinyamaza. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimeliona, kwamba inakufa nikija. Sikuwa na jibu. Fundi asipokuwa na jibu anafunga begi."

"Mimi sikuwa nimemuuliza fundi."

"Najua." Aliinua macho. "Basi sasa nasema. Nataka kukuoa. Si leo, wala si nyumba ikiwa hivi. Lakini nikiondoka tena bila kulisema, nitakuwa yule yule mama aliyekukataza."

Kupitia ukutani waliisikia sauti ya mama sebuleni, mtu kaiwasha tena, ikihesabu mashuka ya wodi isiyokuwepo tena.

"Endelea na ya mama," Kitinda alisema.

"Yamebaki machache. Alisema, 'Siku nikiwa sipo, Kitinda, wewe,'" akakatika. Alijaribu tena, akakatika pale pale. "Hapo sikusikia."

"Vipi hukusikia?"

"Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa imeshaingia kwenye mtandao wenu, ujumbe ukaja. Nikaitazama. Nilipoinua macho, alikuwa ameshamaliza. Alikuwa anacheka."

Kitinda alikaa na hilo. Alilipima, kama alivyokuwa akipima vitu maisha yake yote, na hakupata upande wa kulishikia. Sentensi moja ilikuwa imetoka kinywani mwa mama yake, ikapita kati ya watu wawili waliokuwa wakimpenda, na hakuna hata mmoja aliyeipokea.

"Alikuwa anacheka kweli?"

"Kweli. Akaomba maji."

"Basi hapo pabaki wazi," Kitinda alisema. "Usipajaze kamwe. Hata siku utakayonionea huruma."

"Sitapajaza."

Alishuka kwenye ndoo, akaketi sakafuni, si karibu naye sana, mgongo wake kwenye gunia lile lile. Taa ya seva ilikonyeza juu ya magoti yao. Alijifuta uso kwa upindo wa gauni la msiba.

"Anza tena tangu mwanzo," alisema. "Polepole. Ukimaliza, uniulize tena lile la kwako."

Fundi akavuta pumzi, akaanza.